Wanunuzi Wangapi Wameweka Bei?

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, Newala na Masasi watu huulizana kwanza: mnada umetoka na bei gani? Jibu huja kwa namba mbili, bei ya juu na bei ya chini, kisha mazungumzo yanahamia kwenye ubora wa mzigo na mahitaji ya India na Vietnam. Yote hayo yana uzito. Kanuni za mnada wenyewe huzungumzwa kidogo mno, na humo ndimo sehemu kubwa ya bei inamoamuliwa.

Tangu 2007 korosho za huku huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anazipeleka Amcos, chama cha ushirika cha msingi, zinapimwa na kupangwa daraja, zinahamia ghala kuu, halafu chama kikuu kinazinadi: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na jirani zake. Kwa miaka mingi wanunuzi walitumbukiza zabuni kwenye sanduku, kila mmoja na bei yake na tani anazotaka. Msimu wa 2024/25 ukaingia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX.

Katika mnada wa siri kama ule wa sanduku, mnunuzi haandiki thamani kamili anayoiona. Akishinda atalipa alichoandika, kwa hiyo lazima apunguze ili abaki na faida. Apunguze kiasi gani? Tuchukue mfano wa kubuni: kila mnunuzi ana hesabu yake isiyojulikana kwa wenzake, popote kati ya shilingi 3,000 na 5,000 kwa kilo, na huyu wetu anaiona kilo ina thamani ya 4,600. Kwa hesabu za nadharia ya michezo, wakiwa wawili tu, inamfaa aandike 3,800. Wakiwa wanne, 4,200. Wakiwa kumi, 4,440. Korosho ni zile zile na mfuko wake ni ule ule.

Mwaka 1961 mchumi William Vickrey, aliyekuja kupata Nobel 1996, alionyesha kwamba wanunuzi wasipopanga njama na kila mmoja akiwa na makadirio yake, mnada wa bahasha na ule wa kupandishiana hadharani humpa muuzaji wastani ule ule. Ndiyo maana naona ubishi wa sanduku au kompyuta umepewa nafasi kuliko unavyostahili. Faida kubwa ya kompyuta ni kumruhusu aliye mbali naye ashindane. Haizuii simu kati ya wafanyabiashara wawili usiku wa kuamkia mnada, na wanaokutana mnada baada ya mnada wana nafasi kubwa zaidi ya kuachiana zamu kuliko wanaokutana mara moja.

Mkulima naye ana silaha ya kukataa. Oktoba 2018 wakulima wa TANECU waligomea bei, baada ya bei ya msimu uliotangulia kuvuka 4,000. Novemba Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa 3,300 na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Mnunuzi anayejua kwamba bei yake inaweza kukataliwa huandika juu kidogo. Lakini kukataa kunataka uwezo wa kusubiri, na mwenye deni la palizi na ada za Januari hasubiri sana. Aliyekwishauza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mfumo, kabla ya msimu hayumo kabisa.

Halafu kuna haki kati ya wakulima wenyewe. Bei ya juu na ya chini zikipishana kwa shilingi 80, kwenye tani moja ni shilingi 80,000. Umbali wa ghala hadi bandari ya Mtwara unaweza kueleza tofauti hiyo. Lakini wakulima wawili wa ghala moja, daraja moja, mnada mmoja, wakilipwa tofauti kwa sababu tu tani za mnunuzi wa juu zimeisha kabla ya mzigo wa yule wa pili, huyo wa pili ameonewa. Napendelea wakulima hao wote walipwe bei ya wastani. Mnunuzi atalipa alichoandika vile vile, kwa hiyo hana sababu ya kushusha bei, na mkulima anaweza kuikagua hesabu hiyo kwa kalamu.

Na kwa kuwa idadi ya washindani ndiyo inayosukuma bei, ningependa kila mnada utangaze, pamoja na bei, ni makampuni mangapi yameweka zabuni na kwa tani ngapi. Bei ya 3,900 iliyotoka kwa wanunuzi kumi na wawili huenda ndiyo hali ya soko, na kuigomea ni kupoteza wiki. Ikitoka kwa wawili, kuna sababu ya kusubiri mnada unaofuata.