Ushahidi wa Kiswahili katika Makala ya Mawasiliano: Namna ya Kuandaa na Kuwasilisha Mswada kwa Jarida la Kitaaluma

Ikisiri

Watafiti wengi wa mawasiliano katika Afrika Mashariki hukusanya data zao kwa Kiswahili na kuzichapisha kwa Kiingereza. Makala haya yanaeleza namna mswada unavyoandaliwa, unavyowasilishwa na unavyohakikiwa katika jarida la mawasiliano, na yanajadili hatari ambayo miongozo ya majarida huitaja kwa nadra: mswada kukubaliwa huku ushahidi wake umekwisha kupotea katika tafsiri. Mapendekezo yanaelekezwa kwa watafiti, wahariri, na washauri wanaopanga vigezo vya kupandisha vyeo vyuoni.

Maneno ya msingi: mswada, uhakiki wa kitaaluma, tafsiri, mawasiliano, sera ya uchapishaji

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita niliwasilisha kwa jarida moja la mawasiliano makala yaliyotokana na mahojiano na wasikilizaji wa redio. Mahojiano yote yalifanyika kwa Kiswahili. Makala yaliandikwa kwa Kiingereza. Mama mmoja alikuwa ameniambia mwanzoni mwa mazungumzo kwamba yeye hashiriki umbea kabisa. Dakika chache baadaye akaeleza, bila kusita, jinsi alivyowapelekea majirani fununu aliyoipata kuhusu kuhamishwa kwa soko. Katika tafsiri yangu umbea na fununu viligeuka neno moja. Mhakiki akaandika kwamba mhojiwa huyo anajipinga na kwamba maelezo yake hayategemeki. Nilikuwa na haraka ya kuchapisha, nikaiondoa sehemu hiyo. Makala yakatoka. Jambo la maana kuliko yote niliyoyasikia katika utafiti ule, yaani kwamba wasikilizaji wana mizani yao wenyewe ya kupimia habari isiyothibitishwa, halimo.

Mhakiki hakukosea, alihukumu alichoonyeshwa. Kosa lilikuwa langu, na nimelikuta tena mara nyingi katika miswada ya wenzangu niliyopewa kuihakiki. Kwa sababu hiyo nitapita haraka kwenye taratibu za kawaida za uwasilishaji, ambazo kila jarida huzieleza katika mwongozo wake, na nitakaa zaidi penye suala la ushahidi.

2.0 Jarida kama baraza

Jarida la kitaaluma ni mfano wa baraza. Mgeni mwenye adabu husikiliza kwanza kinachozungumzwa, ndipo aombe nafasi ya kusema. Miswada mingi hurudishwa na mhariri kabla ya kufika kwa wahakiki kwa sababu mwandishi hakusikiliza: alichukua sura ya tasnifu yake, akaipunguza, akaituma.

Mfano mmoja utatosha. Mwaka 1972 McCombs na Shaw walichapisha utafiti wao kuhusu upangaji ajenda, uliofanyika Chapel Hill, Marekani, wakati wa kampeni za uchaguzi wa mwaka 1968. Tangu hapo nadharia hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi. Makala yanayotangaza kwamba upangaji ajenda unaonekana pia katika magazeti ya Nairobi au Kampala hayaongezi kitu barazani. Lakini mtafiti anayeonyesha jinsi ajenda ya gazeti inavyosomwa kwa sauti, inavyopingwa na kupangwa upya kijiweni Dar es Salaam au kwenye maskani ya Unguja, analeta neno ambalo wanabaraza hawajalisikia. Mhariri hutafuta neno hilo katika ikisiri na katika kurasa mbili za kwanza. Asipolikuta huko, ni nadra aendelee kulitafuta.

Tatizo la eneo letu ni kwamba mabaraza yenyewe hayakutani. Majarida ya mawasiliano yanayofahamika zaidi, kama vile Journal of Communication, lililoanza mwaka 1951, na Journal of African Media Studies, lililoanza mwaka 2009, huchapisha kwa Kiingereza. Hata African Communication Research, lililoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, ndani kabisa ya nchi ya Kiswahili, lilitoka kwa Kiingereza. Upande wa pili tunayo majarida yanayopokea makala ya Kiswahili: Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Swahili Forum, linalotolewa Ujerumani tangu mwaka 1994 na kusomwa bila malipo mtandaoni. Haya yamejengwa hasa juu ya lugha na fasihi. Kwa hiyo utafiti kuhusu redio, magazeti au mitandao ya kijamii ulioandikwa kwa Kiswahili huwa kama mgeni katika nyumba zote mbili.

Penye pengo hapakosi walanguzi. Jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku chache mara malipo yakifika, lisilotaja bodi yake ya wahariri au linalotaja watu wasiojua kwamba wametajwa, ni jarida laghai. Kabla ya kutuma, msomaji afungue matoleo mawili yaliyopita na ayasome. Makala yasiyohaririwa hujitangaza yenyewe.

3.0 Kiswahili ndani ya makala ya Kiingereza

Turudi kwa yule mama. Kiswahili kina msamiati mpana wa habari ambayo ukweli wake haujathibitika. Uvumi umetokana na kuvuma: ni habari iliyokwisha kuenea, wala haina mwenyewe. Fununu ni dokezo dogo, aghalabu kutoka kwa mtu aliye karibu na jambo, na anayeipata hujiona ana bahati. Tetesi ziko kati ya hizo mbili. Wasomaji wa kurasa za michezo huzisubiri kila msimu wa usajili wa wachezaji, na hakuna anayemlaumu mwandishi zisipotimia. Uzushi una mzushi, yaani mtu aliyekaa akazua. Umbea ni kuingilia mambo ya watu, hata kama yanayosemwa ni kweli tupu. Udaku umepata hadi magazeti yake. Fitina hupimwa kwa kinachokusudiwa: inaweza kujengwa kwa maneno ya kweli ili kuwagombanisha watu. Porojo hazimdhuru mtu, hupoteza muda tu.

Msamiati huu umebeba nadharia nzima ya mawasiliano. Unatofautisha chanzo, kuenea, ukweli, nia na heshima ya msemaji, mambo matano ambayo watafiti wa habari potofu duniani wanahangaika kuyatenganisha leo. Mtafiti anayeyatafsiri maneno haya yote kwa neno moja au mawili ya Kiingereza ametupa matokeo yake mwenyewe kabla ya kuanza uchanganuzi. Kuna hasara ya kisera pia. Afisa wa afya anayetaka kujua kwa nini wananchi hawaamini tangazo la chanjo anahitaji kufahamu kama walichokisikia wanakiita uvumi au fununu. Uvumi aweza kuukanusha redioni. Fununu, kwa kuwa inaaminiwa kutoka kwa mtu wa ndani, haiondoki kwa tangazo, na pengine tangazo huithibitisha.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kwamba kauli ya mhojiwa ibaki kwa Kiswahili katika mwili wa makala, ikifuatwa na tafsiri, na istilahi za wahojiwa zisitafsiriwe kabisa baada ya kufafanuliwa mara ya kwanza. Wanaisimu wamezoea jambo hili. Katika fani ya mawasiliano bado wapo wanaoliona kuwa pambo. Pingamizi la kweli ni ukomo wa maneno: makala ya maneno 8,000, pamoja na marejeleo, hayana nafasi ya kunukuu kila kauli mara mbili. Ushauri wangu ni kupunguza mapitio ya maandishi, ambayo katika miswada yetu huwa marefu kupita kiasi, na kumwandikia mhariri mapema kuomba kauli za asili zisihesabiwe, au ziwekwe katika kiambatisho kinachochapishwa pamoja na makala. Nimeomba hivyo mara tatu; mara mbili nimekubaliwa.

Hojaji zina mtego wake. Desturi ya kutafsiri hojaji, kisha mtu mwingine kuirudisha katika lugha ya awali ili matini mbili zilinganishwe, ilielezwa na Brislin mwaka 1970, na wahakiki wengi huitarajia. Hata hivyo matini zinaweza kulingana na kipimo kikawa kibovu. Tuchukue kipimo cha Likert chenye ngazi tano. Ngazi ya katikati nimeiona ikitafsiriwa “sina hakika”, “sina maoni”, “sijui” na “niko katikati”. Anayesema hana hakika anakiri upungufu wa habari. Anayesema yuko katikati ana habari na amechagua kutoegemea upande. Anayesema hana maoni huenda anakataa kwa adabu kujibu swali. Wote watatu wakipewa namba 3, wastani utakaopatikana haupimi kitu kinachojulikana. Mswada ueleze ni maneno gani hasa yalitumika, na hojaji ya Kiswahili iambatishwe.

Anayeandika makala aeleze pia nani alitafsiri. Maneno “data zilitafsiriwa na mtafiti” hayatoshi. Kama msaidizi wa utafiti alifanya kazi hiyo, atajwe kwa kazi yake, na iwapo alishiriki katika ufasiri wa data kiasi cha kuathiri hoja, basi suala la jina lake kuwa miongoni mwa waandishi linapaswa kujadiliwa kabla ya mswada kutumwa. Baada ya hapo huwa ugomvi.

4.0 Kutuma na kujibu

Taratibu zilizobaki zinajulikana. Mswada hutumwa kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Jina la mwandishi huondolewa katika matini, katika shukrani, katika marejeleo yanayomfichua, na pia katika taarifa zilizofichwa ndani ya faili la kompyuta, mahali ambapo wengi husahau. Barua kwa mhariri isizidi ukurasa mmoja. Iseme makala yanaongeza nini katika mjadala wa jarida hilo, wala isirudie ikisiri. Namba ya kibali cha utafiti itajwe: kutoka COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, UNCST kwa Uganda. Mtafiti anayevuka bahari kwenda Unguja au Pemba akumbuke kwamba Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali.

Majibu ya wahakiki yakifika, ni busara kuyasoma, kuyaweka kando kwa siku mbili, na kuyarudia. Mwandishi huandaa waraka unaojibu kila hoja kwa zamu, akionyesha ukurasa aliporekebisha. Si lazima akubali kila hoja. Mhakiki akisema mhojiwa anajipinga, kwanza turudi kwenye sauti iliyorekodiwa, tusikilize maneno yenyewe. Ikiwa ukinzani umezaliwa na tafsiri, jibu liwe ni kurejesha Kiswahili, kueleza tofauti, na ikibidi kuipandisha tofauti hiyo kutoka aya ya katikati hadi kuwa hoja kuu. Laiti ningefanya hivyo.

5.0 Vigezo vya vyeo na sera ya lugha

Hakuna mhadhiri atakayefuata ushauri huu kwa muda mrefu ikiwa unamchelewesha kupanda cheo. Vyuo vyetu vinazidi kutegemea kanzidata za kimataifa katika kupima majarida. Scopus, iliyoanzishwa mwaka 2004, hukubali majarida ya lugha yoyote mradi yawe na ikisiri na vichwa vya makala kwa Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili si kizuizi chenyewe. Kizuizi ni desturi ya kamati zetu kusoma namba badala ya kusoma makala. Kipimo cha athari ya jarida hupatikana kwa kuhesabu mara ambazo makala yake ya miaka miwili iliyotangulia yamerejelewa katika mwaka husika, kisha kugawa kwa idadi ya makala hayo. Kipimo hicho kinaeleza jarida. Hakisemi lolote kuhusu makala moja, na hakiwezi kuona kama afisa wa wilaya aliyasoma makala akabadili tangazo lake.

Wakati huohuo matamko ya kisiasa yamekwenda mbali. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika Ibara ya 137, uliagiza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Umoja wa Afrika ukakiidhinisha kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Nje ya Afrika, Azimio la Helsinki la mwaka 2019 kuhusu lugha nyingi katika mawasiliano ya kitaaluma linataka tathmini ya watafiti isiwaadhibu wanaochapisha kwa lugha za jamii zao. Washauri wa sera waliomo ukumbini wanayafahamu matamko haya kuliko mimi. Ninachokiona ni kwamba hayajafika katika fomu anayojaza mhadhiri anapoomba cheo.

Fomu hiyo inaweza kurekebishwa bila sheria mpya. Makala ya Kiswahili yaliyohakikiwa na wataalamu wawili wasiomjua mwandishi yapewe alama sawa na ya Kiingereza yaliyohakikiwa kwa utaratibu huohuo, na jarida litakiwe kuthibitisha uhakiki huo kwa barua. Palipo na data za Kiswahili, mwombaji aulizwe: je, kauli za wahojiwa zinapatikana katika lugha waliyoizungumza, na wapi? Kwa upande wa wahariri wa majarida ya mawasiliano ya eneo hili, ombi ni ikisiri ndefu ya Kiswahili, ya maneno kama 600, kwa kila makala ya Kiingereza yanayotokana na data za Kiswahili. Mwandishi ndiye atakayeiandika, na atakapofika kwenye neno lake kuu la Kiingereza itambidi achague: umbea, fununu, au lipi?