Kwa Nini Mtoto Amenyamaza?

Somo letu la leo laeleza kwa nini shule yapasa kumsikiliza na kumjua kila mtoto.

Mfugaji wa Hanang akirudisha ng'ombe jioni, hatosheki kuhesabu tu. Humtazama kila mmoja. Akiona mmoja hali majani, hutafuta sababu. Shule nayo ifanye vivyo hivyo.

Tuchukue mfano. Watoto watatu wameketi dawati moja. Mwalimu auliza swali, wote wanyamaza. Je, ni wajinga? La.

Wa kwanza ni mtoto wa Kiiraqw kutoka Mbulu. Mwaka 1967 serikali iliamua Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Lakini Kiswahili ni lugha ya Kibantu, Kiiraqw ni ya Kikushi, na Kidatoga ni ya Kinailoti. Lugha hizi si ndugu. Mtoto huyu jibu analo, maneno ndiyo hana. Yafaa ajibu kwanza kwa lugha ya nyumbani, na mwenzake amfasirie.

Wa pili ni mtoto wa wafugaji. Wakati wa kiangazi alihama na jamaa zake kutafuta maji na malisho, akakosa masomo ya majuma mengi. Yafaa afundishwe yaliyompita.

Wa tatu atoka Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaua watu wengi na kubomoa nyumba. Tangu siku ile, mvua ikinyesha huyu hasikii somo, asikiliza mlima. Yafaa apate mtu wa kumtuliza.

Basi, kimya ni kimoja, lakini sababu ni tatu, na dawa ni tatu. Mwalimu akiwachapa wote, hamponyi hata mmoja. Na mtoto asiyeulizwa, mwisho huacha shule.

Mtasema, "Watoto ni wengi mno." Hebu tufanye hesabu. Mwalimu akizungumza na watoto 2 kila siku, kwa siku 5 ni watoto 10. Kwa majuma 6 ni watoto 60.

Nanyi wazazi, msingoje kuitwa. Nendeni mkamweleze mwalimu habari za mtoto wenu.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Nyumbani kwenu mtoto husema lugha gani?
2. Ni jambo gani la mtoto wako ambalo mwalimu wake hajalijua?