Subaru ya tabo Ufipa: anza kuikagua ikiwa baridi

Wakulima wakishauza mahindi, vijana wa Sumbawanga huniuliza swali la namna moja: nimeonyeshwa Impreza WRX iliyotumika, rangi inang'aa, bei imepungua, nichukue? Huwa sianzi na bei. Huwa nawauliza injini ilikuwa na hali gani walipofika, ya moto au ya baridi.

Nenda alfajiri, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, rudi kesho yake, kwa sababu kuna aliyekwisha kuamka kuficha kitu. Injini iliyolala usiku kucha kwenye baridi ya Juni au Julai haina namna ya kujificha: pistoni iliyochakaa hugonga sekunde za mwanzo kisha hutulia ikipata joto, na ringi zilizokwisha hutoa moshi wa bluu ambao baada ya robo saa huenda usiuone tena.

Moshi mweupe ndio unaowachanganya watu wa huku juu. Asubuhi yenye baridi kila gari hutoa mvuke mweupe, na huo hauna neno; hupotelea hewani nyuma ya bampa na hukoma injini ikishika moto. Wa kuogopwa ni ule unaoendelea, unaoning'inia nyuma ya gari na kunukia utamu utamu. Hapo kuulanti inaungua ndani ya silinda, na gasketi ya silinda hedi imekwisha.

Kisha kuna suala la hewa. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 80 ya lile la Dar es Salaam. Toyota Altezza isiyo na tabo ikionekana nzito hapa si lazima iwe imechoka. Imepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu kwa sababu ya mwinuko tu. Tabo hufidia upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, nayo hupata moto zaidi. Kwa hiyo WRX inayopanda kilima kwa uzito ule ule wa gari lisilo na tabo ina hitilafu: bomba linalovuja, au tabo yenyewe imekufa. Mwombe fundi afungue bomba la hewa na kuushika mhimili wa tabo kwa vidole. Ukicheza kidogo sana si tatizo, lakini mapanga yakigusa ukuta, acha.

Mwinuko huo huo huwapotosha hata mafundi wanapopima kompresheni. Silinda nzima inayosoma psi 150 pwani itasoma takriban 120 hapa, hata kama haina kasoro. Usikubali injini ihukumiwe kwa namba za kitabu. Linganisha silinda nne zenyewe kwa zenyewe. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, hapo ndipo pa kuuliza.

Sasa ipashe moto kwelikweli. Maji ya wazi huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta unaoshikilia shinikizo si kitu cha kudharau. Pandisha gari vilima vya kuelekea Mbizi, au kama muuzaji ni muungwana, shukeni hadi Kasanga ziwani kisha mrudi. Kushuka kutakuonyesha breki: pedali ikitetemeka, diski zimepinda. Kupanda kutakuonyesha mfumo wa kupoza. Mshale wa joto usipande. Mkisimama, angalia tangi dogo la kuulanti injini ikiwa inaunguruma: mapovu yasiyoisha ni gesi ya silinda inayopenya gasketi. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto.

Injini ikiwa na moto huo huo, sikiliza chini. Ugonjwa unaoua injini hii ya Subaru, EJ20 ya tabo, ni beringi za konrodi. Oili ikishakuwa nyepesi, hugonga kwa sauti nzito, hasa ukikanyaga kidogo kisha ukaachia mafuta. Ukiwa na shaka, mwaga oili kidogo kwenye kitambaa cheupe na uipeleke juani. Chembe zinazometameta ni beringi inayoliwa, na hakuna punguzo la bei litakalofidia injini nyingine.

Bodi na karatasi hazina mengi. Ingia chini uangalie makovu, maana gari hizi ziko chini na barabara nyingi nje ya lami zina mawe. Namba ya chesisi ilingane na kadi ya TRA herufi kwa herufi, jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na deni la trafiki liangaliwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

La mwisho ni taimingi belti. Subaru walipanga ibadilishwe kwenye kilomita 100,000 hivi, na saa ya kilomita hurudishwa nyuma kirahisi. Belti ikikatika, pistoni hupiga valvu. Kama muuzaji hana risiti ya kuibadilisha, ihesabu kuwa haijabadilishwa na utoe gharama yake kwenye bei siku hiyo hiyo: belti, rola zake na pampu ya maji, pamoja na nauli ya kuvitoa Mbeya au Dar es Salaam.