Gari la Magurudumu Sita: Funzo kwa Wafanyakazi



Mara nyingi mitambo mipya huletwa kazini kwa shangwe, nasi huambiwa tupige makofi. Kabla ya kupiga makofi, na tukumbuke habari za gari moja la mashindano la Uingereza, lenye kiti kimoja na magurudumu sita: Tyrrell P34.

Gari hilo lilibuniwa na mhandisi Derek Gardner, likaundwa katika karakana ya Ken Tyrrell, aliyekuwa mfanyabiashara wa mbao. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Nyuma lilikuwa na magurudumu mawili makubwa. Mbele manne madogo, yenye rimu za inchi 10. Shabaha ilikuwa kuyaficha nyuma ya bawa la mbele ili upepo usilizuie gari, na papo hapo kuongeza mpira unaoshika barabara katika kona na wakati wa kufunga breki. Dereva hakuweza kuyaona magurudumu hayo, hivyo vikatobolewa vidirisha ubavuni.

Wengi walicheka. Lakini tarehe 13 Juni 1976, huko Anderstorp, Sweden, Jody Scheckter wa Afrika Kusini alishika nafasi ya kwanza, na Mfaransa Patrick Depailler, katika gari kama hilo, akawa wa pili. Kicheko kikaisha.

Basi kwa nini gari hilo liliachwa mwishoni mwa mwaka 1977? Sababu kubwa ilikuwa matairi. Kampuni ya Goodyear iliendelea kuyaboresha matairi makubwa ya timu nyingine. Yale madogo, yenye mteja mmoja tu, yakabaki nyuma. Breki ndogo nazo zilipata moto, na gari likazidi uzito. Kufikia mwaka 1983 sheria ziliruhusu magurudumu manne tu.

Wavuvi wa Rongui hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mashine ya boti, hata iwe na nguvu namna gani, ikikosa plagi hulala ufukweni, na mwenye tanga huipita akienda baharini.

Kwa hiyo, ndugu, tunasema hivi. Hatupingi mitambo mipya. Tunataka mwajiri akileta mtambo, atuonyeshe vipuri vitatoka wapi, nani ameahidi kuvileta, na fundi gani amefunzwa kuutengeneza. Mtambo ukisimama, lawama humwangukia mfanyakazi aliyeushika, ingawa kosa lilitiwa saini ofisini. Maswali hayo yaulizwe mkutanoni, kabla mtambo haujashushwa melini.