Chujio Katika Chombo cha Redio

Kila mmoja wenu anajua kazi ya chujio jikoni: chai hupita, majani hubaki. Katika chombo cha kupokelea redio pia mna chujio, na kazi yake ni hiyo hiyo, ila hilo huchuja mawimbi. Mimi nimejifunza thamani yake hapa Dzaleka, wilaya ya Dowa, nchini Malawi, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Zamani hapa palikuwa gereza; tangu 1994 ni makazi ya wakimbizi, wengi wao watu wa Kongo, Burundi na Rwanda. Ndiyo sababu Kiswahili chasikika sana ingawa tuko mbali na pwani.

Nilikuwa na chombo kidogo, na betri zake nilizinunua Mponela. Usiku mmoja, kwenye kilohezi 7,090, nilimsikia mtu akijitaja kwa alama ya 9Q, ambayo ni ya wanaredio wa ridhaa wa Kongo, kama vile 7Q ilivyo ya Malawi na 5H ya Tanzania. Alisema "Uvira", kisha sauti yake ikamezwa na mtu mwingine mwenye mtambo wa nguvu aliyekuwa kwenye kilohezi 7,093. Mama jirani, mzaliwa wa Uvira, alikuwa ameketi nami. Akaniuliza, "Mwanangu, amesema nini?" Sikuwa na jibu.

Wale wawili hawakukosa. Kila mmoja alikuwa mahali pake. Kosa lilikuwa katika chombo changu. Nitaeleza.

Vyombo vingi vya redio hufuata njia aliyoibuni Edwin Armstrong mwaka 1918. Wimbi linaloingia huchanganywa na wimbi linalotengenezwa ndani ya chombo chenyewe, na tofauti ya hayo mawili ndiyo huendelea mbele. Nikitaka 7,090, chombo hutengeneza 7,545. Tofauti ni kilohezi 455. Hapo kwenye 455 ndipo chujio kuu linapokaa, na stesheni yoyote nitakayo huletwa mlangoni pake.

Lakini angalieni: 8,000 ukitoa 7,545 ni 455 pia! Basi stesheni iliyoko 8,000 yaweza kuingia kama mgeni asiyealikwa. Chujio kuu haliwezi kumtambua. Kwa hiyo huwekwa chujio jingine mbele kabisa, karibu na waya wa angani, limzuie kabla hajaingia.

Sasa upana. Sauti ya mtu katika mtindo wa upande mmoja hutaka kilohezi 2.4 hivi. Chujio langu lilikuwa na upana wa kilohezi 6, kama vile vya kusikilizia muziki na habari. Mlango mpana hupitisha wawili kwa pamoja. Tena chombo hujipunguzia nguvu chenyewe kinapopata wimbi kubwa. Basi yule mkubwa alipoingia, mdogo alizidi kufifia, na mkubwa mwenyewe akasikika kama bata.

Upana si jambo la pekee. Machujio mawili yaweza kuwa na upana mmoja juu, lakini moja lina kuta zilizosimama wima, na la pili kuta zake zimelala kama paa la nyumba, na jirani hupenya chini yake. La fuwele za kwatsi huwa na kuta nzuri.

Je, tufanye chujio liwe jembamba kabisa? La. Kwa alama za Morse, upana wa hezi 500 watosha, na mvumo hupungua hata kufikia kama sehemu moja ya tano ya ule wa 2,400. Lakini maneno ya mtu yakipita humo hayafahamiki. Hata alama za Morse, chujio likizidi wembamba, hulia kama kengele na kuchanganyikana. Tena mvumo ulio ndani ya njia ile ile ya stesheni, chujio haliuondoi wote.

Rafiki yangu wa Lilongwe, mwenye leseni, aliniazima chombo chenye chujio la fuwele la kilohezi 2.4. Mimi husikiliza tu, maana kutuma mawimbi hapa Malawi kwahitaji leseni ya MACRA. Siku ya nne yule wa 9Q alirudi. Jirani yake mwenye nguvu alikuwapo vile vile, lakini safari hii alibaki nje. Mama akasikia kwa masikio yake kwamba mvua imenyesha Uvira tangu asubuhi. Hakusema neno; alivuta kiti karibu.

Basi, ndugu zangu, mtakapochagua chombo, msiulize kwanza kina sauti kubwa kiasi gani. Ulizeni chujio lake.