Muhogo Mchungu na kicheko cha kumcheka mshamba

Kila msimu wa tamasha za drama unapowadia, wanafunzi wangu hapa Kisauni huniletea miswada ya vichekesho, na mhusika mmoja hakosekani: mshamba. Hutoka Ganze au Kaloleni, huogopa magari, na hutamka Kiswahili kwa lafudhi ya Kigiriama ili ukumbi uangue kicheko. Katika ukumbi huohuo wameketi watoto ambao nyanya zao huzungumza vivyo hivyo.

Mzaha huu una historia, na yafaa walimu tuijue. Mwaka 1952 ilitengenezwa Tanganyika, iliyokuwa chini ya Uingereza, filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Walioitengeneza ni kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, ikishirikiana na serikali ya kikoloni. Ilisimulia habari za mtu wa shamba aliyekwenda mjini na kulaghaiwa na wajanja. Wakati huo, wakuu wa filamu za kikoloni waliamini kuwa Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, hivyo wakataka hadithi nyepesi, za mwendo wa pole, zenye kuonya.

Mshamba huyo aliigizwa na Rashidi Mfaume Kawawa, mtumishi wa serikali katika idara ya ustawi wa jamii. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, Kawawa alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Sisemi kwamba filamu ile ndiyo iliyompa cheo. Vyama vya wafanyakazi na siasa za TANU ndizo zilizomkuza. Ninachosema ni kwamba waliomwandikia ujinga hawakumjua waliyekuwa wakimwandikia.

Wala sipendekezi mshamba afukuzwe jukwaani. Kichekesho bila kosa la mtu hakichekeshi. Lakini kosa na asili ni vitu viwili. Tapeli anayemwibia mgeni pale Kongowea ana kosa. Bibi anayetamka neno kwa lafudhi ya kwao hana.

Mwanafunzi akikuletea mswada wa namna hii, mwalimu mwenzangu, usiuchane. Mwulize swali moja tu: mshamba wako anajua nini ambacho mjanja wa mjini hakijui? Asipokuwa na jibu, mrudishie kalamu. Muhogo mchungu huliwa, ila kwanza hurowekwa na kuanikwa. Anayeuharakisha huwadhuru walaji.