Nati Iliyokazwa kwa Miguu

Njia iendayo Kazimia kutoka upande wa Baraka na Fizi humfunza mtu uvumilivu. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia hata ndani ya vyakula. Wakati wa mvua matope hushika magurudumu kama mkono wa mdai. Gari lifikalo huko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika si mali ya mwenyewe peke yake. Ndilo lipakialo ndagala na mihogo, ndilo lipelekalo wagonjwa, ndilo lirudishalo watoto nyumbani shule ikifungwa. Tena magari mengi ya huku yamekwisha kula miaka yake katika nchi nyingine kabla ya kufika kwetu. Yafaa basi tujue kuyatunza, hata katika jambo dogo kama nati za magurudumu.

Siku moja tulikuwa abiria katika gari la namna hiyo. Gurudumu la nyuma likatoboka. Dereva, kijana hodari, akaleta jeki, ambayo wengi huku huiita kriki, akaliinua gari, kisha akaanza kufungua nati. Lo! Gurudumu likazunguka hewani pamoja na ufunguo. Ikambidi aliteremshe tena chini. Nati 5 zikakubali kwa shida. Ya 6 ikakataa kabisa. Ndipo akaleta bomba la chuma, akalivika kwenye mkono wa ufunguo, na vijana wawili wakapanda juu yake wakaruka. Ukasikika mlio mkali, na kijana mmoja akaanguka akachubuka goti. Nati haikufunguka, kilichokatika kilikuwa chuma chenyewe kinachoshika nati.

Miongoni mwetu alikuwako mama mja mzito aliyekuwa akienda kujifungua. Jua lilikuwa limeanza kushuka.

Fundi mmoja mzee, ambaye naye alikuwa abiria, akauliza kwa upole, "Mwanangu, nani aliyezifunga nati hizi mara ya mwisho?"

"Ni mimi, Baba," dereva akajibu. "Nilisimama juu ya ufunguo ili zisilegee njiani."

Wasomaji wetu, hapo ndipo penye somo. Aliyemzuia kijana yule asifungue gurudumu lake alikuwa yeye mwenyewe.

KAZI YA NATI

Watu wengi hudhani kwamba kadiri nati inavyokazwa ndivyo gurudumu linavyokuwa salama. Sivyo. Kutoka kitovu cha gurudumu hutokeza vyuma vifupi vyenye meno ya kuzunguka. Mafundi huviita stadi. Nati ikikazwa, stadi huvutika kidogo sana, kama kamba ya mzigo iliyovutwa barabara, na mvuto huo ndio unaoligandamiza gurudumu kwenye kitovu chake. Kamba iliyolegea huangusha mzigo. Kamba iliyovutwa kupita kiasi hukatika. Stadi nayo ni vivyo hivyo.

Kipimo chake ni kipi? Kitabu cha gari ndicho hakimu, maana magari hayafanani, na malori huhitaji nguvu kubwa zaidi kuliko magari madogo. Lakini kwa magari madogo mengi ni kiasi cha kutundika uzito wa kilo 10 kwenye ncha ya mkono wa mita 1. Kwa ufunguo mfupi wa sentimita 25, ni kama kuvuta kilo 40, nguvu ambayo mikono ya mtu mzima inaitosha. Basi fikirini: mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita 1, ameikaza nati mara 7 kuliko ipasavyo! Hata stadi isipokatika siku hiyo, haikusalimika. Huvutika, meno yake huharibika, nayo hungoja kukatika siku nyingine, penye kona au mteremko, gari likiwa na watu.

NATI IKIKATAA KUFUNGUKA

Kwanza tuliweke gari mahali pa tambarare, tufunge breki ya mkono, na tuzuie magurudumu mengine kwa mawe mbele na nyuma. Nati zilegezwe kidogo gurudumu likiwa bado chini. Ndipo jeki ifanye kazi yake. Wala mtu asiingize mguu wala kichwa chini ya gari linaloshikwa na jeki tupu.

Nati yenye kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, itiwe mafuta mepesi ya kupenya kutu, kisha tungoje. Kungoja nako ni kazi. Ufunguo uwe wa kipimo chake hasa, uingie hata mwisho, na afadhali uwe wa pembe 6. Ufunguo uliolegea hula pembe za nati, na nati ya mviringo haina mshiko. Mara nyingine husaidia kuikaza nati kidogo kwanza ili kutu ivunjike, kisha kuirudisha. Bomba la kurefusha mkono si kosa wakati wa kufungua, mradi tuvute polepole kwa mikono, bila kuruka.

Moto usikaribishwe. Wako wanaochoma nati kwa gesi mpira ukiwa umejaa upepo. Joto huivunja raba kwa ndani na kuifanya itoe hewa iwakayo, na mpira waweza kupasuka kama bomu.

Tena tuangalie kama nati hufunguka upande uliozoeleka. Katika baadhi ya magari ya zamani, nati za upande wa kushoto zimekatwa meno kinyume, nazo hufunguka kwa kufuata mishale ya saa. Magari ya Chrysler ya Marekani, kama Dodge na Plymouth, yaliundwa hivyo hata karibu na mwaka 1970, na malori kadhaa ya Kiingereza vilevile. Mara nyingi herufi L imepigwa kwenye ncha ya stadi. Asiyeiona hukaza kwa nguvu zake zote huku akidhani anafungua.

KUFUNGA ILI IFUNGUKE

Gurudumu likitoka, tusugue uso wa kitovu na uso wa gurudumu, tuondoe kutu, tope na rangi nene. Uchafu ukibaki katikati, husagika njiani, na nati hulegea ingawa ilikazwa vema. Meno ya stadi yafutwe yawe makavu. Tusipake grisi ila kitabu kimeagiza. Nati yenye grisi huteleza, na kwa nguvu ileile ya mkono huivuta stadi kupita kiasi.

Upande wa nati uliochongoka uelekee kwenye gurudumu, ukae katika tundu lake. Kila nati ianze kwa vidole, bila ufunguo. Kisha tukaze kwa kurukia ya upande wa pili, wala si kwa kufuatana, ili gurudumu likae sawa. Gari likishushwa chini, tumalize kukaza kwa mikono yetu, kwa ufunguo wake, bila bomba na bila miguu.

Baada ya kilometa 50 hadi 100 tusimame tuzijaribu tena. Gari likitikisika, au ukigonga mlio chini, au ukionekana mstari wa kutu kutoka kwenye nati, tusimame papo hapo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Siku ile fundi mzee alifanya hivyo hivyo. Alikiondoa kipande cha stadi iliyokatika, akasafisha kila kitu kwa kitambaa, akaviambia vidole vyake vianze kazi. Mizigo mizito iliachwa katika nyumba ya jirani, na gari likaenda kwa nati 5, mwendo wa mtu atembeaye, mpaka dereva alipoahidi kutafuta stadi mpya kabla ya safari nyingine. Tuliingia Kazimia usiku, taa za wavuvi zikimetameta ziwani. Yule mama alifika salama, lakini saa 4 nzima zilikuwa zimepotea, na saa 4 kwa mama wa namna hiyo si kitu kidogo.

Wakati wa kuagana, dereva alimshukuru mzee akasema, "Baba, nilidhani ninawalinda watu wangu."

"Uliwalinda kwa nguvu," akajibu mzee. "Sasa uwalinde kwa kipimo."